Umaarufu wa mchezaji usilaze mtaji wa jezi

WAUZAJI wa jezi wa Pasiansi na mitaa mingine ya Ilemela hawana budi kutofautisha shabiki na mteja. Shabiki huonekana kwenye simu. Mteja huonekana mezani, fedha ikiwa mkononi.

Mfano ulio karibu ni wa Mbwana Samatta. Januari 2020 alihama Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Katika siku chache kurasa za klabu hiyo mtandaoni zilifurika Watanzania. Februari 1 alifunga bao dhidi ya Bournemouth. Machi 1 akafunga tena katika fainali ya Kombe la Ligi, ambayo Villa ilipoteza 2-1 mbele ya Manchester City. Kwa mwenye duka, dalili zote zilikuwa njema.

Hata hivyo, mwezi huo huo wa Machi ligi ilisimama kwa sababu ya Corona. Septemba 2020, miezi minane baada ya kusajiliwa, Samatta alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Mashabiki waliweza kumfuata kwa kubonyeza simu tu. Jezi ya Villa yenye jina lake mgongoni haikuweza.

Hali si tofauti kwa nchi tajiri. Mjapani Takumi Minamino, aliyejiunga na Liverpool Januari hiyo hiyo, aliuzwa Monaco mwaka 2022. Aidha, klabu hubadili jezi karibu kila msimu.

Hesabu yake ni rahisi. Mwenye kununua jezi 20 kwa Sh 15,000 kila moja amefunga Sh 300,000. Akiuza 12 kwa Sh 20,000 amepata Sh 240,000. Mchezaji akihama, jezi nane zilizobaki lazima ziuzwe Sh 7,500 kila moja ili mtaji urudi tu, bila kuhesabu nauli wala kodi ya fremu.

Wapo wanaosema kuwa bila jina la nyota hakuna mauzo. Ni kweli, lakini jina si lazima likae stoo. Inafaa kununua jezi zisizo na jina, kwa mafungu madogo, na kuchapa jina pale mteja anapotoa malipo ya awali. Tahadhari hiyo ni muhimu zaidi sasa, kwani Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa AFCON 2027, na kelele za mtandaoni zitaongezeka.

Mchuuzi wa dagaa wa Mwanza hapangi bei kwa kuhesabu taa zinazowaka ziwani usiku. Husubiri mitumbwi ifike mwaloni, akaona kilichomo. Muuza jezi naye afanye hivyo.