Simu ya kufikiri bila kumaliza chaji: imefikia wapi?

Wakulima wa muhogo wanayo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya IITA. Ukielekeza kamera kwenye jani, inakuambia kama lina dalili za batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipo mtandao. Kazi yote hufanyika ndani ya simu, na inahitaji chaji. Kwetu Chinongwe, kwa anayelipia kuchaji simu dukani, hilo si dogo.

Kwa nini chaji inaliwa? Ndani ya simu, kumbukumbu na hesabu hukaa sehemu tofauti, na umeme mwingi huishia kupeleka taarifa huku na kule. Ubongo wa binadamu hutumia takriban wati 20 tu. Sababu mojawapo ni kwamba seli zake hukaa kimya mpaka msukumo ufikie kiwango fulani, ndipo zinafyatuka, kama mtego wa panya.

Watafiti wanatengeneza swichi ndogo za namna hiyo. Mwaka 2013, maabara ya HP ilionyesha moja iliyotumia oksidi ya niobiamu, madini yaliyopo pia Panda Hill, Mbeya.

Swichi hizi za kuiga ubongo bado ziko kwenye utafiti. Muuzaji akikusifia simu "inayofikiri kama ubongo", tunashauri umuulize kwanza: chaji inakaa saa ngapi? Na Nuru ikikuonyesha ugonjwa, mwite afisa ugani kabla hujang'oa shamba.