Sifuri ya Wanakemia na Usanifu wa Kiswahili

Katika mijadala ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, neno "sanifu" hutumiwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni "bora". Kilicho sanifu husifiwa. Kilicho mbali nacho hupigiwa mstari kwa wino mwekundu. Makala haya yanashikilia kwamba mtazamo huo ni finyu, na kwamba wanakemia wana ufahamu wa usanifu unaostahili kuigwa. Mfano mwafaka ni rejea zinazotumiwa katika spektroskopia ya NMR.

NMR ni mbinu ya kuchunguza muundo wa molekuli kwa usumaku. Sampuli hutiwa ndani ya sumaku yenye nguvu, ikapelekewa mawimbi ya redio, na viini vya atomu zake, hususan za haidrojeni, vikaitikia. Elektroni zinazokizunguka kiini hukikinga kwa kiasi fulani, kwa hivyo masafa ya mwitikio wake humjulisha mtafiti kiini hicho kimepakana na nini. Tatizo ni kwamba masafa hayo hubadilika kulingana na nguvu za sumaku. Mwitikio ulio umbali wa hezi 2,178 kutoka kwenye rejea katika mashine ya megahezi 300 huwa umbali wa hezi 435.6 katika mashine ya megahezi 60. Umbali huo ukigawanywa kwa masafa ya mashine husika, jibu ni moja: sehemu 7.26 kwa milioni. Pasipo rejea ya pamoja, watafiti wawili wangeielezea molekuli moja kana kwamba ni mbili.

Mwaka wa 1958, George Tiers wa kampuni ya 3M nchini Marekani alipendekeza tetramethilisilani, yaani TMS, iwe rejea hiyo. Sababu zake zilikuwa za kikazi. Haidrojeni zote 12 za TMS zimo katika mazingira sawa, hivyo huitikia kwa sauti moja. Haichangamani kikemia na sampuli nyingi. Huchemka kwenye nyuzi takriban 27 za selsiasi, kwa hivyo huondolewa kwa urahisi kazi ikiisha. Aidha, mwitikio wake hukaa kando, mbali na ule wa misombo mingi ya kikaboni. Katika skeli inayotumika leo, TMS imepewa sifuri. Hakuna sheria ya maumbile iliyolazimisha sifuri hiyo. Tiers mwenyewe aliipa TMS 10 katika skeli yake. Ni makubaliano tu ya wataalamu.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, umbali kutoka kwenye sifuri si kosa. Haidrojeni za benzini huitikia karibu na 7.3, na baadhi ya misombo ya metali na haidrojeni huwa chini ya sifuri. Hakuna mwanakemia anayeisahihisha benzini. Umbali wenyewe ndio habari anayoitafuta. Pili, rejea hujua mipaka yake. TMS haiyeyuki vyema katika maji, kwa hivyo wanaochunguza protini hutumia rejea nyingine, DSS, nao hulazimika kuitaja katika ripoti zao. Hakuna anayeyalaumu maji.

Kiswahili nacho kilichaguliwa sifuri yake. Mwaka wa 1928, mkutano wa Mombasa uliafiki Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Uchaguzi huo ulikuwa na manufaa yake: bila rejea, vitabu na mitihani ya Afrika Mashariki ingekosa pa kusimama. Hata hivyo, kilichokusudiwa kuwa kipimo kimegeuzwa hakimu. Dhuluma hii huonekana waziwazi katika uhakiki wa ushairi. Mshairi wa Kimvita akiandika "nti", "mato" au "ndia", mwanafunzi hufundishwa kuyaorodhesha maneno hayo chini ya uhuru wa mshairi, bega kwa bega na inkisari, mazida na tabdila. Uhuru gani? Muyaka wa Haji hakuomba idhini ya mtu kusema lugha ya mama yake. Tena alifariki takriban miaka 90 kabla ya mkutano huo.

Ukweli ni kwamba "nti" kwa "nchi" na "mato" kwa "macho" hufuata utaratibu mmoja: penye "ch" ya Kiunguja, Kimvita kina "t". Huo ni umbali unaopimika, nao humweleza mhakiki mshairi alikotoka na lahaja zilivyoachana.

Yafaa basi kila mhakiki ataje rejea yake kama afanyavyo mwanakemia: shairi la Kimvita lipimwe kwanza kwa Kimvita, kisha umbali wake kutoka Kiswahili sanifu uelezwe. Makosa halisi yaendelee kusahihishwa, maana mwanafunzi asiyezingatia upatanisho wa kisarufi hana lahaja ya kumtetea. Lakini wino mwekundu usiguse "nti" ya Muyaka.