Kumbukumbu Isiyo na Mwenyewe

Aingiaye Mji Mkongwe kwa upande wa Shangani, akafuata Mtaa wa Gizenga mpaka Hurumzi, hupita baina ya safu mbili za maduka ambayo kwa hakika ni duka moja lililorudiwa mara nyingi. Simba na twiga wa mti wamesimama mlangoni, ilhali Unguja haina simba wala twiga. Juu yao zimetundikwa picha za Tingatinga, shuka za Kimasai na shanga. Vyote hivyo huitwa kumbukumbu ya Zanzibar.

Wako wanaoghadhibika kwa ugeni wa bidhaa hizi. Ghadhabu hiyo imepotea njia. Watu wa pwani hawakuwahi kuishi kwa vyao peke yao. Kanga ina nasaba na vitambaa vya Wareno, ndiyo maana hata leo wengine huiita leso, na kwa miaka mingi imechapwa Bara Hindi na kuletwa kwa meli. Milango ya mji imebeba michoro ya Oman na Gujarati. Hakuna asemaye kuwa kanga si ya Waswahili, kwani waliipa jina, yale maneno ya pindoni, na mwanamke aliyeivaa alijua anamwambia nani na kwa nini. Kitu huwa cha watu kwa kutumiwa na watu.

Kosa, basi, si kuwa bidhaa zimetoka mbali. Kosa ni kuwa hakuna anayesema zimetoka wapi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972, na kwa kazi ya miaka hiyo michache jina lake limebaki. Vinyago vya Wamakonde walau vinataja kabila la wachongaji. Mkoba wa ukili uliotundikwa kando yake hautaji kitu. Yuko mwanamke wa shamba aliyeukausha ukindu, akauchemsha kwa rangi, akausuka ukili mrefu, kisha akaushona mzunguko kwa mzunguko. Yuko na mwenziwe aliyeishonea kofia viua kimoja kimoja kwa wiki nyingi. Hao hawana jina dukani, na asiye na jina ni mwepesi kupunjwa. Mgeni ameshaonywa na vitabu vya safari apatane mpaka bei ishuke, na kila shilingi ipunguzwayo mjini hutafutiwa wa kuilipa shamba.

Wenye maduka wana jawabu yao: soko ndilo liamualo, na mgeni hununua akipendacho. Jawabu hiyo ina ukweli, lakini haujatimia. Mgeni hawezi kupenda asichoelezwa. Akiwekewa kofia ya mashine iliyoagizwa nje karibu na kofia ya mkono, bila ya neno la kuzitenganisha, atachukua ya rahisi, na kwa haki yake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ila katika vichochoro hivi chema kimefichwa nyuma ya kibaya.

Na soko lenyewe si mlezi wa kuaminiwa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozizuia ndege, mji uliozoea wageni ulibaki mtupu, na kazi yoyote iliyomtegemea mgeni peke yake ilikosa mnunuzi kwa siku moja. Mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walipindukia laki saba, na somo limeshasahauliwa. Sanaa isiyo na mtumiaji nyumbani huishi kwa ruhusa ya ratiba za ndege.

Hapa lawama huwageukia wenyeji. Maulidi husomwa juu ya mikeka ya plastiki. Siku ya Idi vichwa vingi huvaa kofia za mashine. Kasha la njumu lililokuwa likimtangulia bibi harusi sasa hutazamwa na wapita njia katika ukumbi wa hoteli. Kisha watu hao hao husikitika kuwa utamaduni unauzwa! Wao ndio waliouacha, mwenye duka akauokota. Mcheza kwao hutunzwa, nao washonaji wamecheza kwao muda mrefu bila ya kutunzwa.

Dawa si kuwafukuza wachongaji wala kuwatukana wenye maduka. Kila kitu kiuzwacho kwa jina la Zanzibar kifungwe kikaratasi chenye jina la aliyekifanya, kijiji chake na siku alizokitumikia, na kisichofanywa visiwani kiseme hivyo bila ya haya. Misikiti, skuli na nyumba za harusi zirudi kununua mikeka ya ukindu, na bwana harusi aagize kofia yake kwa mshonaji anayemjua. Mgeni atakuja na kuondoka. Mshonaji wa Makunduchi hana pengine pa kwenda, na bei ya haki anaidai kwanza kwa jirani yake.