Klipu ya Bendera Imetosha, Sasa Tuangalie Saa

Leo niko na joto, na si lile la Lodwar mnalolijua.

Kila Olimpiki ikikaribia, na kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, ile klipu inarudi. Rose Nathike Lokonyen, Agosti 5, 2016, uwanja wa Maracanã, Rio. Amebeba bendera ya Olimpiki, timu ya kwanza kabisa ya wakimbizi iko nyuma yake, watu wamesimama wanapiga makofi. Mnaweka emoji za machozi, mnaandika "tumaini", mnashea, halafu mnapita.

Sina shida na Rose. Shida yangu ni sisi tunaoitazama.

Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki sasa ina historia: Rio 2016, Tokyo 2021, Paris 2024. Na kipande kikubwa cha hiyo historia kimeanzia hapa Turkana. Rio walienda wanariadha 10. Watano, yaani nusu ya timu, walitoka Kakuma: Rose, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, Paulo Amotun Lokoro na James Nyang Chiengjiek. Wote asili yao Sudan Kusini, wote wakimbiaji. Paris akaenda Perina Lokure Nakang, mita 800, naye pia mtoto wa Kakuma.

Sasa mtu akiniuliza dakika kubwa za hii timu ni zipi, bendera siipi namba moja. Bendera ni rahisi kupenda kwa sababu haituulizi swali lolote. Ukishalia, umemaliza. Mimi nataka tuangalie saa.

Chukua simu uandike. Rose, mita 800: Rio 2:16.64, Tokyo 2:11.87. Anjelina, mita 1500: Rio 4:47.38, Tokyo 4:31.65. Paulo, mita 1500: Rio 4:03.96, Tokyo 3:51.78.

Umeona? Rose ameondoa karibu sekunde 5. Paulo 12. Anjelina karibu 16. Piga hesabu: ukiwaweka Paulo wa Rio na Paulo wa Tokyo kwa mbio moja, yule wa Tokyo anavuka mstari wakati yule wa Rio bado ana karibu mita 75 za kukimbia. Manze, mita 75! Na katikati hapo kulikuwa na korona, Olimpiki imesukumwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo dakika yangu namba moja. Uliwahi kuiona ikishewa? Mimi bado.

Najua komenti inayokuja. "Lakini si walitoka wa mwisho?" Ndiyo, wengine walimaliza mwisho kwenye mchujo wao. Biel alikimbia mita 800 Rio kwa 1:54.67 akawa wa mwisho kwa kundi lake. Tokyo, James alianguka kwenye mita 800, akainuka, akamaliza. Sifichi.

Lakini wewe unayecheka, hebu linganisha vizuri. Tuna Mturkana mwenye dhahabu ya mita 800: Paul Ereng, Seoul 1988, 1:43.45, akawaacha nyuma Joaquim Cruz na Said Aouita. Ereng naye alikuwa mgeni kwa hiyo mbio, ameingia mita 800 mwaka huo huo. Tofauti ni kwamba alikuwa tayari mkimbiaji wa mita 400, yuko chuo kikuu cha Virginia huko Marekani, ana kocha, ana uwanja, ana chakula. Sasa Rose: kwenye mbio za kilomita 10 kule kambini alikimbia miguu mitupu akatoka wa pili. Mchujo wa Tegla Loroupe na taasisi yake ulipokuja Kakuma, hao watano walichaguliwa wakapelekwa kambi ya mazoezi Ngong. Agosti 2016 wakasimama Rio kwenye laini moja na watu waliofundishwa kukimbia tangu utotoni. Halafu wewe uko kitandani unauliza mbona hawakushinda.

Na kuna kitu kingine hamkisemi mkishea ile klipu. Mei 2016, miezi mitatu kabla ya Rio, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inafunga kambi za Dadaab na Kakuma. Kakuma baadaye ikaondolewa kwa hiyo orodha. Machi 2021, miezi michache kabla ya Tokyo, serikali ikatangaza tena: kambi zote mbili zifungwe, UNHCR ilete mpango ndani ya siku 14. Mara mbili! Mara mbili watu wanafanya mazoezi ya Olimpiki huku wanasikia kwa redio kwamba mahali familia zao zinalala patafungwa. Halafu siku ya ufunguzi tunapiga makofi kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu Nairobi na Geneva ni rahisi kulaumu. Watu wangu wa Lodwar, kuna sentensi naisikia sana: "Hao si wetu." Ereng ni wetu, na mazoezi ya mita 800 aliyafanya Virginia. Rose alifika Kakuma 2002 akiwa mtoto, akakulia kwa vumbi la Tarach, jua lile lile, kilomita kama 120 kutoka hapa Turkwel, na tunasema si wetu. Hiyo hesabu inafanywa vipi?

Naelewa hasira inatoka wapi. Ukame umetumaliza mifugo. Kuna boma hapa Turkana zinalala njaa huku lori la chakula linapita kuelekea kambini. Hasira hiyo ni halali na sitaicheka. Lakini pia usijidanganye kwamba kule wanakula raha: 2025 mgao umekatwa hadi watu wa Kakuma wakatoka kuandamana. Kijana wa Lodwar na kijana wa Kakuma wote wanakimbia na tumbo nusu. Kugombania nani ana njaa halali hakujengi hata mita moja ya uwanja.

Na uwanja ndio stori yenyewe. Angalia hizo dakika kubwa zote. Zinaanza na gari linaloondoka Turkana. Ili Rose awe mkimbiaji ilibidi atolewe Kakuma. Ili mtoto wa Lodwar awe mkimbiaji, naye ataambiwa aende Iten, aende Ngong, aende popote ila hapa. Sisi tunatoa watu, wengine wanatoa mazoezi, halafu tunabaki na klipu.

Na yule wa kambini ana ukuta wa pili. Mkimbizi akitaka kusafiri nje ya kambi anahitaji kibali. Fikiria una mbio Eldoret Jumamosi na bado unangoja karatasi. Mguu uko tayari, karatasi haijatoka. Hakuna kocha duniani anayeweza kukufundisha kuishinda karatasi.

Kwa hivyo nataka vitu vitatu, na navitaka kwa sauti.

Moja, mashindano ya kaunti yawe ya wote. Mtoto wa Kakuma, wa Kalobeyei, wa Lodwar, wa Lokichar, laini moja, bunduki moja, saa moja. Atakayeshinda ashinde.

Mbili, mwanariadha mwenye barua ya mashindano apate kibali bila kuzungushwa.

Tatu, serikali ilizindua Mpango wa Shirika Machi 2025, ikisema kambi zigeuke miji ambayo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja. Sawa. Basi kwenye hiyo orodha ya maji, shule na hospitali, wekeni uwanja wa kukimbia wa maana Kakuma na mwingine Lodwar. Pamoja na kocha anayelipwa kila mwezi, si semina ya siku mbili na fulana.

Mtu ataniambia niache siasa, michezo ni michezo. Bro, timu yenyewe inaitwa Timu ya Wakimbizi. Siasa iko kwa jina. Na Biel, yule aliyetoka wa mwisho Rio, 2022 alichaguliwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mkimbizi wa kwanza kukalia kiti hicho. Yaani yeye amefika meza wanapokata maneno. Wewe bado uko kwa komenti unauliza kama anastahili.

Paris 2024 hii timu ilipata medali yake ya kwanza, shaba ya Cindy Ngamba kwenye ndondi. Alizaliwa Kamerun, akajifunzia Uingereza, na alikuwa na ukumbi, makocha na wenzake wa kupigana nao kila siku. Nampongeza kutoka moyoni. Lakini pia inanithibitishia: kipaji kikikutana na mazoezi, medali inakuja. Kakuma ina kipaji tangu 1992 ilipofunguliwa. Mazoezi ndiyo yanachukua basi kwenda kwingine.

Kwa hivyo klipu ikirudi Juni 20, shea tu, sikukatazi. Lakini chini yake andika 2:16.64 kwenda 2:11.87. Halafu mtag mwakilishi wako wa wadi umuulize uwanja uko wapi.