Nani Aliitisha Kikao?

Machi 16, 2020, serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini Tanzania. Alikuwa msafiri aliyetua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla na kuingia Arusha. Haukupita mwezi, ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Anga lilifunguliwa tena Mei 18, lakini wageni hawakurudi pamoja nalo. Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa 620,867. Kwa mji unaokula kwa safari za Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, na kwa vijiji vya miteremko ya Meru vinavyotoa wapagazi na wapishi, lile lilikuwa janga kamili.

Landkruza zikaegeshwa, zikaota vumbi. Madereva wakashika majembe Ngaramtoni, wapagazi wakaendesha bodaboda Usa River, wapishi wa kambini wakafungua magenge Sakina. Wengine wakafuga kuku wa nyama. Mji mzima ukawasifu: hawa ndio wajasiriamali, hawakukaa kulia.

Walistahili sifa hiyo. Lakini tuliitoa haraka mno, na kwa kuitoa tukakwepa swali zito: kwa nini mtu aliyeitumikia kampuni miaka kumi aachwe mtaani bila akiba, bila taarifa, kisha tumpongeze kwa kujitafutia? Mtaji ulitoka wapi? Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani iliwalenga wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Dereva wa kiume wa miaka 40 asiye na ulemavu hakuwa kijana kwa kanuni za wakati ule, hivyo mlango huo ulikuwa umefungwa kwake. Palibaki vicoba, ndugu, au wale wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu. Anayeanza biashara kwa mkopo wa namna hiyo, katika mji ambao wateja wake nao hawana kitu, hajachagua ujasiriamali. Amesukumwa.

Wageni walirudi. Mwaka 2021 walifika 922,692, mwaka uliofuata zaidi ya milioni 1.4, na mwaka 2023 wakapita milioni 1.8, juu ya rekodi ya kabla ya janga. Hapo ndipo kila mwajiri alipovuna alichopanda. Fedha zilikauka kwa kampuni zote, kubwa na ndogo. Kampuni zilitofautiana katika namna bosi alivyosema na watu wake.

Yuko aliyeitisha kikao mapema, akaeleza kilichobaki benki, akakubaliana na wafanyakazi nusu mshahara au zamu za kupokezana, na yeye mwenyewe akajikata kabla ya kumkata mfagizi. Yuko aliyetuma ujumbe wa simu wenye mistari miwili, kisha hakupatikana tena hadi msimu ulipofunguka. Wa pili huyu alipowaita madereva wake, walikuja, maana njaa haina kinyongo. Ila walikuja wakiwa wameshajifunza kutomwamini.

Na katika biashara hii moyo wa mfanyakazi ndiyo bidhaa yenyewe. Mgeni haonani na mwenye kampuni zaidi ya dakika chache za mapokezi. Siku sita au saba zinazofuata yuko na dereva: ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi simba, anayebadili tairi kwenye tope, anayejibu swali lilelile mara ya tano kwa tabasamu. Tangazo zuri haliwezi kuziba pengo la dereva aliyekata tamaa.

Wamiliki wana hoja, na ni ya kweli. Walitakiwa kurudisha amana za wageni huku wakidaiwa mikopo ya magari. Benki Kuu ililegeza masharti ya kupanga upya mikopo Mei 2020, lakini hapakuwa na ruzuku ya mishahara kama Uingereza, ambako serikali ilibeba hadi asilimia 80 ya ujira wa aliyesimamishwa. Hakuna anayedai bosi angetoa fedha asizokuwa nazo. Hata hivyo, kikao na ukweli havikuhitaji mkopo. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi, aeleze sababu na kushauriana nao. Wengi waliikwepa kwa sababu dereva alikuwa deiwaka: anaitwa safari ikiwepo, hana mkataba wa maandishi, hachangiwi katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Asiyechangiwa hana fao la kukosa ajira. Kwa hiyo udhaifu ule haukuletwa na virusi. Ulikuwepo miaka yote ya neema, umefichwa na tipu za wageni.

Sekta hii itatikiswa tena, iwe kwa maradhi, vita vya mbali au machafuko ya karibu. Ninawaomba wenye kampuni wa Arusha, na chama chao cha TATO, wasingoje siku hiyo. Wapeni madereva, wapishi na wapagazi mikataba ya maandishi sasa, msimu ukiwa mzuri. Wachangieni NSSF. Tengeni sehemu ya mapato ya Julai na Agosti kwa ajili ya miezi ya masika. Na kikao cha wafanyakazi wote kiitwe kabla ya safari ya kwanza ya msimu ujao.