Mkiwaita Wazee, Waiteni na Akina Mama

KUTOKA MLIMANI
Na Muthoni Kariuki

Kila uchaguzi ukikaribia, wanasiasa wa Mlima Kenya hukumbuka njia ya Nchiru, kule Tigania, wakavishwe vazi la mzee na kukabidhiwa usinga mbele ya kamera. Huku Nyeri nako hakosekani wa kusema, chai ikimpoa mkononi, kwamba bunge la kaunti livunjwe, wazee warudishiwe kazi yao.

Namwelewa. Wameru hawakutawaliwa na mfalme. Baraza lao, Njuri Ncheke, lenye makao huko Nchiru, lilikusanya wazee wa Igembe, Tigania, Imenti na kwingineko, likatunga sheria na kuamua kesi za ardhi na mifugo. Hukuingia kwa kelele. Ulipimwa na waliokutangulia, ukatoa ada ya mifugo. Watu wa Kisiwa cha Man hujivunia baraza lao la kale, Tynwald, ambako visiwa vya mbali navyo vinasimuliwa kuwa vilipeleka wajumbe. Lakini wale walikuwa na mfalme juu yao. Wazee wa Meru hawakuwa naye.

Sasa turudi 1956. Mwaka huo Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji. Uamuzi mwema, nami nauunga mkono mpaka leo. Ila wenye miili yao hawakuulizwa. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakakeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana. Ndani ya miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400, wasichana kwa wazazi, walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Wapo wanaosema ulikuwa utundu wa watoto. Mimi nasema marufuku ilitoka kwa wanaume watupu, mkoloni akiwa nyuma yao, na mabinti walilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Huko Man, wajane na wanawake wasioolewa wenye mali walipewa kura mwaka 1881. Sisi tumechelewa, lakini tumefika: Nyeri ina wadi 30, na Kifungu cha 177 cha Katiba ya 2010 kinaagiza viti maalum viongezwe ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya bunge la kaunti. Mwakilishi wadi wako atakuudhi, hilo halina ubishi. Walakini baada ya miaka mitano unamtoa. Mzee wa baraza utamtoaje?

Basi mnaopanda Nchiru kuombewa kura, mkishavuliwa lile vazi, waulizeni wazee akina mama watakalia viti vingapi.