Hesabuni barua, acheni kuhesabu vichwa

"Mheshimiwa mwenyekiti, hesabu ni nyepesi. Wafanyakazi 300, kila mmoja GB 5, jumla TB 1.5. Tukinunua seva ya TB 4, tumelala usingizi miaka mitano." Mzabuni akafunga kabrasha, wajumbe wakaitikia, chai ikaletwa.

Hesabu hii nimeisikia vikaoni mpaka nimechoka, na kila mara inanipandisha presha. Nani aliwaambia kwamba seva ya barua pepe huelemewa na vichwa vya watu? Dereva wa taasisi anaweza kumaliza mwezi bila kufungua barua hata moja. Karani wa masjala anapokea na kutuma kutwa nzima. Kwa mzabuni, hawa wawili ni sawasawa.

Seva huelemewa na barua. Chukueni waraka mmoja wa mkurugenzi: umechapwa, umepigwa muhuri, umeskaniwa kwa rangi ukawa MB 6, kisha ukatumwa kwa wote. Exchange, programu ya Microsoft ya seva za barua pepe, iliacha tangu toleo la 2010 ule utaratibu wa kuhifadhi nakala moja kwa niaba ya wengi. Kila sanduku sasa lina yake. MB 6 mara 300 ni GB 1.8, kwa tangazo la kuhamisha maegesho ya magari! Na mzigo huo huandikwa pia kwenye kumbukumbu za miamala, ambazo kwa kawaida hazifutwi mpaka bakapu ifanikiwe. Bakapu ikigoma siku kadhaa bila mtu kushtuka, diski inajaa, hifadhidata inajifunga, barua zinasimama. Hilo mzabuni hakuligusa. Wala sijawataja wanaobandika nembo, picha yao na maneno ya hekima chini ya kila barua, hata wakijibu "sawa".

"Lakini diski siku hizi ni bei ya karanga," akanikatiza mjumbe mmoja. Haya, nunueni karanga. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humudu takribani maombi 75 hadi 100 ya kusoma na kuandika kwa sekunde, iwe ya TB 1 au ya TB 10. Ni kupanua ukumbi wa harusi na kuacha mlango uleule mmoja. Jumatatu saa mbili asubuhi, ofisi nzima ikifungua barua kwa pamoja, ndipo mtakapojua bei ya karanga. Nilipotaja diski za SSD nikaambiwa ni anasa, na aliyeniambia alikuwa anasaini karatasi ya posho.

Na siku diski itakapokufa? Kurejesha TB 1.5 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, bila hitilafu yoyote, kunazidi saa nne. Swali hilo halikuulizwa na mtu.

Takwimu mnazo tayari, ndani ya seva mnayotaka kuitupa: barua ngapi kwa siku, zenye uzito gani, saa ipi zinasongamana. Fundi wenu wa TEHAMA anaweza kuzitoa bila kulipwa safari wala semina. Mwiteni kikaoni kabla ya mzabuni, na zabuni yoyote itakayoletwa ikiwa na idadi ya wafanyakazi peke yake, irudisheni ilikotoka.